Zotero, Mendeley, Word au kuandika mwenyewe: ipi itakutoa salama kwenye tasnifu

Kila ukifika msimu wa kukusanya ripoti za utafiti maswali ni yale yale, nitumie programu gani ya rifarensi, ipi ya bure, ipi haili bando, na je nikiitumia hiyo, Turnitin (ile programu ya vyuo ya kupima kufanana kwa maandishi) itanipitisha? Nianze na hilo la mwisho maana ndo linapotosha watu wengi. Hakuna programu ya rifarensi inayokuzuia kukopi. Zotero itakupangia jina na mwaka vizuri kabisa mwishoni mwa aya uliyoichukua neno kwa neno, Mendeley hivyo hivyo, na bado utakuwa umeiba. Kwa hiyo ukilinganisha hizi njia usiangalie tu ipi inapanga orodha ya marejeo haraka, angalia ipi inakusaidia siku ile unasoma, pale unapotoa wazo la mtu kwenye makala na kuliweka kwenye notisi zako. Wizi mwingi wa maandishi ninaouona kwenye kazi za wanafunzi haukupangwa, ulianzia kwenye notisi, mtu kakopi na kupesti aya tatu kwenye faili la Word lisilo na jina la mwandishi wala ukurasa, anaendelea na mambo yake, baada ya miezi miwili anarudi anakuta maandishi mazuri yamekaa pale, anaamini ni yake, anayaingiza sura ya pili.

Hicho ndo kipimo changu cha kwanza. Cha pili ni bando na laptopu uliyonayo kweli, sio ile unayotamani kuwa nayo. Cha tatu ni jinsi kila njia inavyobeba vyanzo vyetu, majina yetu na lugha yetu, na hapo kuna mambo ambayo video za mafunzo hazigusi kabisa.

Kuandika mwenyewe bila programu

Watu wanaidharau hii njia lakini kwa asaimenti ya kurasa tano yenye vyanzo sita saba inatosha, na tena kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ningesema aanze nayo. Mtu aliyewahi kuandika marejeo mwenyewe anajua kipi ni mwandishi, kipi ni jina la makala, kipi ni jina la jarida, namba ya juzuu inakaa wapi, na huyo akija kuhamia kwenye programu akaona imekosea anashtuka hapo hapo. Ambaye hajawahi haoni kitu, anaprinti tu.

Shida yake ni mbili. Ya kwanza, majina ndani ya maandishi na orodha ya mwisho haviendi pamoja. Umemtaja mtu sura ya pili, orodha haina. Orodha ina mtu, ndani hayupo popote kwa sababu ulifuta ile aya. Wasahihishaji wengi hapo ndo wanaanzia, wanashika jina moja moja na kulitafuta kwenye orodha. Dawa yake ni Ctrl+F kwa kila jina kabla hujakusanya, inachosha ila inafanya kazi.

Ya pili ni kuchanganya matoleo. Toleo la 7 la APA, mtindo wa kuandika rifarensi unaotumika sana vyuoni, lilitoka Oktoba 2019 na lilibadilisha vitu kadhaa, mfano mji wa mchapishaji hauandikwi tena, na chanzo chenye waandishi watatu au zaidi unamwandika wa kwanza tu na "na wenzake" tangu mara ya kwanza unapokitaja. Sasa mwanafunzi anaenda maktaba anachukua tasnifu ya 2014 anaiga mpangilio wake, huku rafiki yake kamtumia mwongozo wa toleo la 7, matokeo yake orodha moja ina "Dar es Salaam: mchapishaji fulani" mstari wa juu na mstari wa chini hakuna mji. Kama unaandika mwenyewe, shika mwongozo mmoja tu, na uwe ule wa idara yako, sio wa chuo cha rafiki yako.

Kwa tasnifu yenye vyanzo themanini usijaribu. Hapo supavaiza akikuambia ubadili kutoka APA kwenda mtindo wa Chicago wa tanbihi, ule wa rifarensi chini ya ukurasa, utalia.

Word yenyewe

Wengi hawajui kwamba ndani ya Word kuna sehemu ya rifarensi tayari, ipo pale juu kwenye References, unajaza chanzo mara moja, ukitaka kukitaja unakichagua, na mwisho unabofya orodha inajipanga yenyewe. Haihitaji intaneti hata kidogo, haihitaji kusakinisha kitu, na kwenye kompyuta za maabara ya chuo ambazo huruhusiwi kuweka programu mpya hii ndo mkombozi wako. Ukihamisha faili kwa flashi vyanzo ulivyotumia vinakwenda nalo. Ila ile orodha kubwa ya vyanzo vyako vyote inabaki kwenye kompyuta uliyoandikia, kwa hiyo usishangae ukifungua kazi mpya kwenye mashine nyingine ukakuta pako tupu.

Mapungufu yake sasa. Unajaza kila kitu mwenyewe, herufi kwa herufi. Mitindo yake imechelewa, kwenye Word nyingi bado APA iliyomo ni toleo la 6, kwa hiyo itakuwekea mji wa mchapishaji ambao toleo la 7 halitaki, na supavaiza makini ataona. Na kwa kipimo changu cha kwanza Word haina msaada wowote, hakuna pa kuweka PDF, hakuna pa kuweka notisi zilizofungwa na chanzo chake. Inaanza kukusaidia pale unapoandika wakati kosa lilishafanyika kwenye kusoma. Asaimenti, ripoti ya mafunzo kwa vitendo, kazi ya kikundi ya muda mfupi, sawa. Tasnifu ya uzamili, hapana.

Zotero

Hapa nitakaa kidogo maana ndo ninayowashauri watu wengi na nataka sababu ionekane.

Zotero ilitoka mwaka 2006 kwenye kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani, ilianza maisha kama chombo cha watafiti sio bidhaa ya kampuni, na mpaka leo ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unaiweka kwenye laptopu, unaongeza kitufe chake kwenye brauza, ukifungua makala kwenye AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) au Google Scholar unabofya kile kitufe, inachukua mwandishi, mwaka, jarida, kurasa, na PDF yenyewe kama ni ya bure. Ukiwa na DOI (namba ya utambulisho ya makala) au ISBN (ile ya kitabu) unaiandika tu inajaza taarifa zote. Kwa vitabu vya wachapishaji wetu wengi ISBN haitaleta kitu, hapo unajaza mwenyewe kama kawaida.

Lakini kitu kilichonifanya niipende sio hicho. Tangu toleo la 6 la mwaka 2022 unasomea PDF humo humo ndani, unapaka rangi mstari unaoutaka, halafu unaiambia ikutengenezee notisi kutoka kwenye ulivyopaka. Inakuletea yale maneno yakiwa ndani ya alama za kunukuu, na mbele yake jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Fikiria hiyo inamaanisha nini. Miezi miwili baadaye ukifungua notisi zako kila neno la mtu mwingine linakuambia lenyewe kwamba ni la fulani, ukurasa wa 47, na kilicho nje ya alama ni chako. Ile njia ya kusahau na kuamini kwamba maandishi ni yako inazibwa pale pale. Mimi nawaambia watu watumie rangi mbili tu, njano kwa maneno nitakayonukuu kama yalivyo na kijani kwa wazo nitakalolieleza kwa maneno yangu, na chini ya kila kijani uandike hapo hapo sentensi yako bila kuitazama PDF.

Hilo la kutotazama lina maana sana. Tuseme chanzo kimeandika: "Wanafunzi wanaotembea zaidi ya kilomita tano kwenda shule huchoka mapema darasani na mara nyingi hukosa kipindi cha mwisho." Mwanafunzi anayeandika huku jicho liko kwenye chanzo ataandika: wanafunzi wanaotembea zaidi ya km 5 kwenda shuleni huchoka haraka darasani na mara nyingi hawahudhurii kipindi cha mwisho (Fulani, 2018). Ameweka jina na mwaka, anaona yuko salama, wakati sentensi ni ile ile kaigusa maneno matatu. Huo bado ni wizi wa maandishi, kutaja chanzo hakuusafishi. Aliyefunga chanzo na kufikiri ataandika kitu kama: Fulani (2018) anahusisha utoro wa vipindi vya mwisho na uchovu wa safari, wanaokosa zaidi ni wale ambao shule iko mbali na nyumbani. Mpangilio umebadilika, uzito umebadilika, na ukimuuliza mwanafunzi anachomaanisha atakueleza.

Upande wa bando Zotero ina huruma. Data zote zinakaa kwenye laptopu yako, unaweza ukakaa kijijini wiki nzima bila mtandao ukasoma, ukaandika notisi, ukaingiza rifarensi kwenye Word bila shida. Nafasi ya bure kwenye seva yao kwa ajili ya PDF ni MB 300 tu, ikijaa wanataka dola 20 kwa mwaka upate GB 2, lakini huo ni ukomo wa kwenye seva sio kwenye laptopu, na taarifa za rifarensi zenyewe zinaendelea kupanda bila kikomo. Wanafunzi wengi wanazima kupandisha PDF na kubakiza taarifa tu, halafu folda nzima ya Zotero wanaikopi kwenye flashi kila mwisho wa wiki. Fanya hivyo tafadhali, laptopu zinaibiwa.

Inafanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs. Kitu kingine ambacho watu wa afya hasa wanapaswa kukijua, tangu 2019 inakuonya kama makala uliyohifadhi ilishafutwa na jarida. Ile makala ya Wakefield ya 1998 kwenye Lancet iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa 2010 na bado kuna wanafunzi wanaitaja kana kwamba ipo hai.

Udhaifu wake ni kwamba inachukua inachokikuta. Tovuti ikiwa imeandika jina la makala kwa herufi kubwa zote nayo itaandika hivyo hivyo, ikikosa mwaka inaacha wazi. PDF zilizoskaniwa, kama makala za zamani za TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, mara nyingi haizitambui na huwezi hata kupaka rangi maneno kwa sababu kwake ile ni picha. Na siku mbili tatu za mwanzo unahangaika kuizoea, kwa hiyo usiianze wiki ya kukusanya.

Mendeley

Mendeley ilianzia London, mwaka 2013 ikanunuliwa na Elsevier, wale wachapishaji wakubwa wa majarida ya sayansi. Ni ya bure pia, sura yake ni safi, na inakupa GB 2 kwenye seva, mbali sana na zile MB 300. Kwa mtu asiye na laptopu yake, anayetumia maabara ya chuo leo kompyuta hii kesho ile, hapa Mendeley inashinda na nasema hivyo bila kusita, unaingia kwa akaunti yako kwenye brauza unakuta PDF zako zote na mistari uliyopaka.

Ila kuna mkanganyiko mkubwa. Video nyingi za mafunzo zinaonyesha Mendeley Desktop ya zamani, ambayo waliacha kuitoa kwa kupakuliwa Septemba 2022. Ya sasa ni nyingine, inaitwa Mendeley Reference Manager, vitufe vimehama, na vitu vingine havipo kabisa. Programu zao za simu nazo waliziondoa 2021. Mwanafunzi anafuata video hatua kwa hatua anafika mahali kitufe hakionekani anadhani yeye ndo hajui kompyuta. Sio wewe, ni programu imebadilishwa.

Na kile kiungo chake cha kuingiza rifarensi kwenye Word, Mendeley Cite, kinataka Word ya 2016 kwenda juu na kinataka uingie kwenye akaunti kupitia mtandao. Kwenye laptopu ya mtumba yenye Office 2010 haikubali. Bando likiisha saa nne usiku nawe una rifarensi tano za kuingiza, unasubiri asubuhi. Hilo kwangu ni kubwa kuliko GB 2.

EndNote siipi nafasi humu. Ni nzuri ila ya kulipia na bei yake ni ya maabara zenye ufadhili, kama chuo chako kimekununulia leseni tumia, kama hakijanunua usihangaike na ile ya kuibia, maana virusi vyake vimeshakula tasnifu za watu.

Tovuti za kuzalisha rifarensi na roboti za kuchati

Kuna tovuti unapesti kiungo inakupa rifarensi moja. Kwa chanzo kimoja kimoja sio mbaya, kagua tu kabla ya kuitumia. Lakini kuiambia ChatGPT au nyingine yoyote "nipe vyanzo kumi kuhusu utoro shuleni" ni jambo jingine kabisa, hizi roboti zinaweza kukutungia makala ambazo hazipo duniani, jina la mwandishi linavutia, jarida ni la kweli, namba ya kurasa ipo, ukitafuta hakuna kitu. Mwaka 2023 huko New York, kwenye kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili walipeleka mahakamani hukumu zilizotungwa na ChatGPT, jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili wenye leseni. Mwanafunzi akikamatwa na chanzo kisichopo hawezi kujitetea kwamba alisahau alama za kunukuu, hapo ni kughushi, na vyuo vinaweza kukudisko kwa hilo. Sheria yangu kwa wadogo zangu ni moja: kama hujaifungua makala kwa macho yako usiiweke kwenye orodha.

Majina yetu na Kiswahili chetu

Chukua mfano wa sensa. Ukiandika kwamba Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, lazima utaje chanzo, hiyo ni takwimu mtu kaenda kuitafuta. Ukiandika kwamba Dodoma ndo makao makuu huhitaji, kila mtu anajua. Sasa unaenda kuingiza Ofisi ya Taifa ya Takwimu kama mwandishi, programu haijui kwamba hiyo ni ofisi, inadhani ni mtu mwenye majina mengi, na kwenye orodha inakutolea "Takwimu, O. ya T. ya". Nimeshaona hii kwenye kazi zilizobaindiwa kabisa. Kwenye Zotero kuna alama ndogo pembeni ya jina, ukiibofya sehemu mbili za jina zinakuwa moja na jina linabaki zima. Kwenye Word kuna kisanduku cha Corporate Author unaandika humo. Kwenye Mendeley jina zima liweke sehemu ya jina la ukoo.

Majina ya pwani nayo yana mtihani wake. Mtu akiwa na jina lake, la baba na la babu, kila programu inakata inavyojisikia, mwandishi kama Said Ahmed Mohamed unaweza kumkuta kwenye orodha moja kama Mohamed, S. A., na kwenye nyingine kama Said, A. M., msomaji akadhani ni watu wawili. Chagua namna moja, angalia katalogi ya maktaba inavyomwandika, ubaki nayo kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho.

Anayeandika tasnifu kwa Kiswahili ana kazi ya ziada. Mitindo kwenye hizi programu inatoka na Kiingereza chake, utapata "et al." na "pp." na alama ya & katikati ya sentensi ya Kiswahili, wakati idara inataka "na wenzake", "uk." na "na". Kwenye Zotero faili la mtindo ni maandishi ya kawaida, mtu anayejua kidogo kompyuta anaweza kulibadilisha mara moja na idara nzima ikalitumia, na sielewi kwa nini idara za Kiswahili hazifanyi hivyo na kuwagawia wanafunzi. Kama huna mtu wa kukusaidia, subiri kazi iishe kabisa, tengeneza kopi, kwenye ile kopi vunja kiungo cha Zotero ili rifarensi ziwe maandishi ya kawaida, halafu tumia kutafuta na kubadilisha kwenye Word. Usifanye hivyo kwenye faili la asili. Kwenye Mendeley huna uhuru wa namna hiyo kwa urahisi, na kwenye Word yenyewe ndo kabisa.

Na tafsiri. Hili nalisema kwa uchungu maana limeenea. Mtu anachukua kurasa mbili za makala ya Kiingereza, anazitafsiri kwa Kiswahili kizuri, anaziweka kama sura yake, anasema mbona Turnitin imetoa asilimia nne. Wazo ni la mwenzio, mpangilio ni wa mwenzio, mifano ni ya mwenzio, lugha tu ndo umebadilisha. Kama unanukuu kilichotafsiriwa andika jina, mwaka, ukurasa, na uongeze "tafsiri yangu". Kama ni wazo tu, litaje na ulieleze kwa namna yako kama ambavyo ungefanya lingekuwa kwa Kiswahili.

Mahojiano pia yanachanganya watu. Mzee uliyemhoji kwa ajili ya utafiti wako hawekwi kwenye orodha ya marejeo kwa APA, huyo ni data yako, unamweleza kwenye matokeo kwa namna mliyokubaliana ya kulinda jina lake. Mtaalamu uliyempigia simu kuuliza kitu ni mawasiliano binafsi, anatajwa ndani ya maandishi na tarehe, kwenye orodha hayupo.

Turnitin na stesheneri

Turnitin inapima kufanana, haitoi hukumu ya wizi. Asilimia 25 inaweza kuwa orodha ya marejeo, jina la chuo na nukuu halali, na asilimia 6 inaweza kuwa aya moja nzima iliyokopiwa. Kwa hiyo kuandika kwa lengo la kushusha namba ni kujidanganya, unaanza kubadili "wanafunzi" kuwa "wanagenzi" mpaka kazi haisomeki. Soma ripoti yenyewe, fungua kila rangi uone inatoka wapi.

Na hizi stesheneri za nje ya geti zinazotangaza kukutolea ripoti ya Turnitin, kaa nazo mbali. Hujui akaunti ni ya nani, na kama kazi yako ikihifadhiwa kwenye hazina ya Turnitin, siku chuo kinaipima rasmi itaonekana umekopi karibu yote, kutoka kwako mwenyewe, na utaanza kujieleza. Omba chuo, au supavaiza, wakupimie rasimu kwa mpangilio usiohifadhi.

Na usitegemee kwamba ukipita leo umepita. Annette Schavan alikuwa waziri wa elimu na utafiti Ujerumani, Februari 2013 Chuo Kikuu cha Düsseldorf kikamfutia udaktari kwa tasnifu aliyoiandika 1980, miaka 33 nyuma, na siku chache baadaye akaacha uwaziri.

Sasa wewe uchague nini

Una asaimenti ya wiki hii, vyanzo chini ya kumi, andika mwenyewe au tumia Word, na fungua faili moja la notisi ambalo kila unachokiweka kinaanza na jina, mwaka na ukurasa. Unaandika tasnifu au makala ya jarida na una laptopu yako hata kama ni ya zamani, chukua Zotero, na mtandao wako ukiwa wa kuungaunga ndo kabisa chukua Zotero. Huna laptopu, unategemea maabara yenye Word mpya na intaneti ya chuo, Mendeley itakufaa zaidi. Mko kikundi cha utafiti na wenzio wote wako Mendeley, nenda nao, kuvutana kuhusu programu kunapoteza muda kuliko kasoro zake. Mwanasheria anayetumia OSCOLA, mtindo wa tanbihi wa watu wa sheria, Zotero ina mtindo huo ila sheria zetu na hukumu utajaza mwenyewe na kuzikagua moja moja.

Angalizo kwa wote wanaohariri kwa simu: ukifungua faili lenye rifarensi hai za Zotero au Mendeley kwenye WPS au programu nyingine ya simu na kulihifadhi, vile viungo vinaweza kukatika na rifarensi zikabaki maandishi yaliyokufa. Kwenye simu soma tu, kuhariri fanya kwenye kompyuta.

Kama ulishaanza na Mendeley na unatamani kuhama, Zotero ina njia ya kuvuta maktaba yako yote kutoka akaunti ya Mendeley, ipo kwenye Import. Ila usichanganye programu mbili ndani ya faili moja la Word, zinavurugana. Kama umebakiza sura moja na tarehe ya kukusanya ni mwezi huu, malizia na ulichonacho, uhamie kwenye kazi inayofuata.